Nilimpa Mama Aliyefiwa Picha ya Mtoto Asiye Wake

Mimi ni mtu mchafu. Ninaoga kila asubuhi, ninavaa shati lililopigwa pasi, Jumapili ninaketi kanisani na watu wa heshima, lakini uchafu ninaousema hautoki kwa sabuni. Hata nikiandika bila jina langu, mkono unasita. Wacha niseme tu, maana jambo hili likiendelea kukaa tumboni litaniozesha. Majina yote nimeyabadilisha.

Nina studio ndogo ya picha mjini Meru. Picha za pasipoti, harusi, mahafali, hiyo ndiyo kazi. Dada yangu Kendi alikuwa akinishikia kaunta, na tangu ajifungue alikuwa anakuja na mtoto wake, Makena, mgongoni.

Sasa kuna ugonjwa wangu. Ninapenda kamera kuukuu, hasa zile za picha za papo hapo. Wenye umri wanazikumbuka: mpigapicha anabofya, anavuta karatasi ubavuni mwa kamera, anahesabu dakika moja, anabandua, nawe unaondoka na picha yako ikiwa bado mbichi. Filamu yake iliacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita, na kamera zikabaki kama jiko lisilo na mafuta. Mimi nikajipa kazi ya kuifufua.

Kila karatasi ya filamu hiyo ina kifuko kidogo cha dawa. Dawa ikikauka, karatasi imekufa. Kuna mtu mmoja ng'ambo anayetengeneza dawa hiyo kwa mikono, kidogo kidogo, nami nilikuwa naagiza kwake. Nilikuwa napasua filamu za zamani, natoa kifuko kikavu, naweka kipya. Kati ya kumi zilitoka mbili, tatu nikibahatika. Zilitoka na madoa na rangi ya chai, lakini zilitoka!

Nikaanza kujirekodi na kujiweka mtandaoni. Nikajiita daktari wa filamu. Daktari!

Video moja ikamfikia mama mmoja wa Kianjokoma, kule juu Embu karibu na msitu. Nitamwita Mama Njeru, kwa jina la kijana wake mkubwa. Alinipigia simu, na hakuzunguka.

"Ni wewe unafufuanga filamu? Na kama picha ilipigwa kitambo na haikutolewa kwa kamera, unaweza toa?"

"Naweza, mama," nikasema. Sikufikiri hata kidogo.

Nikaenda kwake. Baada ya chai akafungua sanduku la nguo, akatoa kamera iliyofungwa ndani ya sweta. Mume wake, marehemu, alikuwa mpigapicha pale sokoni. Miaka kama kumi na tano iliyopita walipata msichana, Wawira. Alipofika wiki tatu baba akampiga picha kwa karatasi ya mwisho iliyokuwa ndani ya kamera. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi, na baridi ya Kianjokoma si mchezo, na dawa ya filamu hiyo haifanyi kazi vizuri kwenye baridi. Kwa hivyo baba akasema ataivuta karatasi mchana, jua likitoka.

"Mchana mtoto akaanza kupumua vibaya," Mama Njeru akaniambia. "Tukakimbia hospitali. Tukarudi bila yeye."

Baba hakuivuta karatasi. Alisema hana nguvu ya kuiona. Miaka ikapita, na alipopata nguvu, dawa ilikuwa imekauka na filamu haipatikani popote. Kisha naye akafariki. Wawira hakuwahi kupigwa picha nyingine. Hata moja!

"Pua yake naikumbuka," mama akasema. "Lakini macho inanitoroka. Kila mwaka inatoroka zaidi."

Mtu mwenye utu angemwambia ukweli hapo hapo. Angesema, mama, karatasi iliyokaa muda huo wote huenda haina kitu tena, na hata kama ina kitu, ninaweza kukipoteza. Mimi nilijua hayo yote! Nikamwambia asijali, hiyo ni kazi ndogo, nikaondoka na kamera.

Karatasi ile hufunguliwa kwenye giza totoro, unafanya kazi kwa kupapasa. Lakini giza halirekodiki. Nami nilitaka video. Kwa hivyo nilijifungia chumba cha nyuma cha studio, nikazima taa, nikawasha taa nyekundu, kama ile waliyokuwa wakisafishia picha wapigapicha wa zamani, kwa sababu kwenye simu inapendeza. Karatasi zao hazikudhuriwa na mwanga mwekundu. Filamu hii inauona mwanga huo vizuri kabisa, na mimi ninayejiita daktari nilijua. Nikajiambia ni dakika moja tu, nitaikinga kwa kiganja.

Nikaweka dawa mpya, nikavuta, nikahesabu, nikabandua huku nikiitabasamia simu yangu kama mjinga.

Nyeupe pe! Hakuna mtoto, hakuna kivuli cha mtoto, hakuna kitu. Nikazima simu, nikaketi sakafuni.

Mama Njeru alikuwa amepiga mara mbili siku hiyo kuuliza. Nilichotakiwa kufanya ni kushika simu na kusema pole. Badala yake nikatoka kile chumba, nikamwona Makena amelala kwenye kochi la wateja. Alikuwa na mwezi mmoja hivi. Na wazo likanijia, na sikulifukuza.

"Kendi, wacha nijaribu filamu na huyu mrembo," nikasema.

"Jaribu, lakini ukimwamsha utambeba wewe," akajibu, akaendelea kukata picha za pasipoti.

Nikamvua ile kofia yake ya rangi, nikamfunika shuka jeupe mpaka kidevuni, nikapiga. Picha ikatoka safi kuliko zote nilizowahi kutoa. Kendi akauliza kama imetoka. Nikamwambia imeharibika. Kisha nikaingia ndani nikaipaka maji ya chai, nikaikwaruza pembeni kwa wembe, nikaianika dirishani ipauke. Fikiria mikono hiyo! Nikamaliza kwa kuipiga muhuri wa studio yangu nyuma, maana hata katika uongo nilitaka sifa.

Nilipoipeleka Kianjokoma nilikuta majirani na akina mama wa kanisa wamejaa uani. Nikaiwasha simu kwanza. Nikahakikisha mwanga uko sawa. Ndipo nikampa.

Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti.

"Wawira! Mwathani, Wawira wakwa!"

Hata ambaye hakujua Kiembu alijua anamwita Mungu na mtoto wake. Akina mama wakaanza wimbo. Nikarekodi mpaka machozi. Wakati wa kuondoka akanifungia kuku miguu, jogoo mkubwa, nami nikaenda naye nyumbani, nikamchinja, nikamla, nikalamba vidole. Nilimla yule kuku jamani! Mpaka leo harufu ya kuku ikinipata kwa hoteli ninatoka nje.

Video ikaenda mbali, na nilikuwa nimehakikisha uso wa mtoto hauonekani, Kendi asije akamtambua. Watu walilia, wakaniita baraka, wakaleta kamera za babu zao. Nami nikawa ninawajibu kwa unyenyekevu, eti ni Mungu tu.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi tumefungua tu, Mama Njeru akaingia studio. Alikuwa amevaa nguo za kanisa. Hakukaa. Akafungua kitambaa cha mkononi, akaiweka picha kwenye kaunta.

"Samahani kwa kusumbua," akasema. "Nimekuja kuuliza. Hii mtoto ni ya nani?"

Kendi akaichukua kabla yangu. Akacheka kwa furaha!

"Woi! Si huyu ni Makena? Na si uliniambia haikutoka?"

Mama Njeru akamtazama Kendi, kisha akainama kidogo aone mgongoni mwake. Makena alikuwa macho, ananyonya vidole. Mama akashika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Iko hai," akasema. "Asante Mungu. Iko hai."

Nikafungua mdomo. "Mama, hiyo kitu ilikuwa..."

"Ngoja, kijana." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mzee alitupiga mimi na mtoto. Nilikuwa nimemshika hivi, kwa kifua. Mkono yangu ilikuwa kwa picha. Hapa hakuna mkono. Wewe hukuniuliza hata siku moja hiyo picha ilikuwa aje."

Ni kweli. Sikuwahi kumwuliza.

"Mwanzo nilijiambia labda nimesahau," akaendelea. "Nilitaka sana iwe ni yeye. Nikaipeleka kanisa, ikaombewa kwa misa ya marehemu. Lakini moyo ikakataa kutulia. Nikajiambia, kama si Wawira, basi ni mtoto ya mtu. Na mimi namwombea pumziko ya milele, na pengine iko na mama yake, inanyonya. Nikaogopa. Ndio nimerudisha."

Hakuja kugombana! Mnanielewa? Mwanamke niliyemwibia kilio chake alisafiri kutoka Embu mpaka Meru kwa ajili ya mtoto asiyemjua, asije akadhurika kwa sala ambazo mimi nilisababisha.

Kendi aliweka ile picha chini polepole.

"Ulichukua mtoto wangu ukamfanya maiti?"

"Si hivyo, Kendi, nilikuwa tu..."

"Ulikuwa tu nini? Watu wameombea mtoto wangu pumziko na ako hapa kwa mgongo yangu! Kwa sababu ya likes? Wewe ni mtu aina gani?"



Mama Njeru akamwomba Kendi ampe mtoto kidogo, amwondolee yale maneno ya misa ya marehemu. Dada yangu hapendi mtu kumshika Makena. Lakini alifungua leso ya kumbebea akampa. Mama akamweka kifuani, kiganja kimoja chini ya kichwa, akaomba kwa Kiembu cha haraka. Sikushika kila neno. Nilisikia jina la Makena, kisha jina la Wawira. Na nikiwatazama wamesimama hivyo, mama na mtoto na ule mkono, nikajua picha niliyoichoma kwa taa yangu nyekundu ilikuwa vipi.

Alipomaliza akanigeukia.

"Na ile yangu?"

"Iliharibika, mama. Ilitoka nyeupe. Pole."

"Najua iliharibika. Nipe hiyo nyeupe."

"Lakini haina kitu."

"Hata kama haina kitu. Baba yake aliiweka kwa kamera na mkono yake. Wawira alikuwa mbele yake. Nipe tu hivyo."

Na sasa nitasema lile baya kuliko yote. Kwenye droo yangu kulikuwa na karatasi nyeupe kama hiyo, nyingi, za majaribio yaliyoshindwa. Angejuaje? Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye droo, na umeshaanza kuivuta! Kendi akauangalia ule mkono, kisha akaniangalia usoni, na alichokiona usoni mwangu sitaki kukijua.

Nikaiacha droo.

"Niliitupa," nikasema.

"Wapi?"

"Chooni. Kwa shimo."

Akarudia neno hilo mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama anayetaka kuhakikisha amesikia. Hakulia. Alimrudishia Kendi mtoto wake, akakunja kile kitambaa kitupu, akatoka.

Kendi aliondoka siku hiyo hiyo na hajarudi. Makena sasa anatembea. Nimeambiwa, sijamwona. Siku nilipopita kwao Kaaga na zawadi, Kendi alisimama mlangoni akaniuliza kama nimekuja na simu. Kamera ya marehemu niliirudisha Kianjokoma. Njeru, yule kijana mkubwa wa mama, aliipokea langoni bila salamu, na alikuwa na haki.

Ile video niliifuta, lakini watu walikuwa wamekwisha kuihifadhi. Juzi mteja mmoja alinionyesha kwenye simu yake, eti nimtolee picha kama nilivyomtolea yule mama. Nikamtazama Mama Njeru akipiga magoti tena, anaita tena, na sauti yangu nyuma ya simu inasema amina. Nilikimbia nje nikatapika kwenye mtaro watu wakiona.

Ndugu zangu mnaofufua vitu vya watu, iwe ni saa, redio, simu au picha: usiseme unaweza kabla hujajua kama unaweza. Mtu akikuletea kitu cha marehemu wake, zima simu yako, muulize kinamhusu vipi, na umsikilize mpaka amalize. Na ukikiharibu, maana utaharibu siku moja, usikae ukimpimia wewe kwamba sasa hakina maana. Mrudishie kikiwa kimeharibika vile vile, umwangalie machoni, useme ni wewe. Mimi niliogopa kumpelekea mama karatasi tupu, na karatasi tupu ingemtosha.