Maji Yepi?

Ofisini walimwita Mdomo, na hakuwahi kununa. Alikuwa mkalimani: wahisani walipokuja kutoka ng'ambo na wenyeji wakasema yao, yeye ndiye alikuwa mdomo wa pande zote mbili. Kazi hiyo ina kanuni yake. Mtu akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Mama akisema ana njaa, mkalimani naye atasema ana njaa, hata kama ametoka mezani sasa hivi. Na likimlazimu kusema lake mwenyewe, husema "mkalimani anaomba swali lirudiwe," utadhani anamtaja jirani. Kwa miaka kumi na tisa Mdomo alikuwa "mimi" wa watu wengine. Mumewe, fundi viatu, alizoea kumtania mlangoni: "Leo umerudi nani? Nisije nikampakulia mwenyekiti chakula changu."

Miaka saba iliyopita alikwenda na wahisani katika kijiji kimoja nyuma ya mto. Kilikuwa kiangazi. Mto uliishia kwenye vifundo vya miguu, na wageni waliuvuka viatu mkononi, wakicheka. Kikao kilifanyika darasani. Mwanamke mmoja mfinyanzi, ambaye vyungu vyake viliuzwa sokoni ng'ambo ya pili, alisimama akasema, "Shida yetu hapa ni maji. Maji yanatumaliza."

Sasa, nani asiyejua shida ya maji? Ni bomba kavu na foleni ya ndoo. Asubuhi ile ile Mdomo alikuwa ametoka kwenye foleni hiyo nyumbani kwake. Hakuuliza lolote. Aligeuka akawaambia wageni, "Hatuna maji, tunateseka." Kwenye fomu yao kulikuwa na kisanduku cha maji, nacho kikawekewa alama. Mfinyanzi alifungua kinywa aendelee, lakini kiongozi wa wageni aliinua mkono, akasema wameelewa na muda umekwisha.

Kisima kikachimbwa. Maji matamu, ya baridi, na hakuna aliyekikataa, maana kisima hakina ubaya.

Mwaka wa nne ikaletwa ofisini barua ya Mfinyanzi, iliyoandikwa na mwalimu wa kijiji. Mdomo alipewa aitafsiri. "Kwa kisima tunashukuru," ilianza. "Lakini maji niliyosema ni ya mto. Mvua za mwaka huu mto umemchukua binti yangu, akivuka kwenda kujifungua. Nilisema mbele yenu."

Alitafsiri sentensi ya kwanza. Zilizobaki aliziruka. Aliogopa kupoteza kazi yake, hakuna cha kuzunguka hapo. Barua yenyewe aliifukia kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

Tangu siku hiyo hakuwa na amani. Akifungua bomba la jikoni, maneno ya kikao kile, "Hatuna maji," yalimjia, tena kwa sauti yake mwenyewe, maana ni yeye aliyeyasema. Alikuwa hana mtoto, hakuwahi kupata, lakini akisuuza sahani alijisikia akisema polepole, "Binti yangu."

"Unaongea na nani?" mumewe aliuliza.

"Na sinki."

Fundi hakucheka. Alikuja akalifunga bomba, akasimama pale na mkewe.

Mwaka huu upepo ukageuka huko kwa wahisani. Walikuwa wamekutana mikutano na mikutano, wakaamua kwamba wenyeji ndio waseme lipi litangulie. Kiongozi wao mpya, mama mrefu mwenye daftari, alisema, "Safari hii hatukuja na fomu. Tumekuja kusikiliza." Utadhani masikio yameanza kuuzwa juzi. Lakini alimaanisha, na hilo ndilo lililomtisha Mdomo. Kijiji cha kwanza kwenye orodha kilikuwa kile kile. Aliichimbua barua, akaitia mkobani, bila kujua kama atathubutu kuitoa.

Darasa lilikuwa lile lile. Mfinyanzi alikaa mbele, udongo umemkaukia kwenye vidole. Zamu yake ilipofika alisimama, akamkazia Mdomo macho.

"Shida yetu ni maji," alisema. Kisha akangoja.

Wageni nao waligeuka, wakingoja.

"Maji yepi, mama?" Mdomo aliuliza.

"Ya mto, mwanangu. Nilisema, nikaandika. Yalimchukua binti yangu, na mjukuu wangu tumboni mwake. Tunataka daraja la miguu tu. Mtu apite, aende, arudi."

Mdomo aligeuka kwa wageni, akaanza. "Maji ya mto. Yalimchukua binti yangu, na mjukuu wangu tumboni mwake." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Hapo hapo, bila kuvuta pumzi, akaendelea, "Kosa lilikuwa langu mimi. Nilijua, nikanyamaza."

Yule mama mrefu aliweka kalamu chini. Alimwendea Mfinyanzi, akaishika mikono yake yenye udongo, akasema kwa lugha yake, kwa huruma kabisa, "Usijilaumu. Kosa si lako."

"Anasemaje?" Mfinyanzi aliuliza.

Mdomo alisimama kama mwizi aliyeshikwa. "Anasema usijilaumu. Kosa si lako."

"Kwani nani amesema ni langu?"

Darasa zima lilimtazama mkalimani. Alitoa barua mkobani, akaifungua mikunjo, akamkabidhi kiongozi wa wageni. Alitaka kusema "mkalimani alikosea," kama kanuni inavyotaka. Akaiacha kanuni.

"Si yeye aliyesema," alisema. "Ni mimi. Mimi huyu." Akajigusa kifua kwa kidole.

Mfinyanzi hakuijua lugha ile, lakini barua aliitambua, na kidole alikiona kilipogusa. Hakumtukana Mdomo, wala hakumwambia yamekwisha.

"Haya," alisema. "Sasa mwambie habari ya daraja."