Blauzi ya usaili na pasi yangu ya mkaa

Jamani, leo nimemchomea mwanangu blauzi asubuhi ya usaili wake wa kazi!

Neema wangu, yule mwenye digrii (najua nimeshawaambia), aliifua jana jioni. Asubuhi imekauka, haina hata kunyanzi.

"Mama, hii ni poliesta. Haihitaji pasi."

Mwanangu asimame mbele ya wakubwa bila pasi? Thubutu!

Nikachukua pasi ya mkaa, moto uleule wa kunyooshea shuka za pamba. Kugusa tu mgongoni, ikayeyuka kama mfuko wa rambo! Tundu kubwa, kingo zimekuwa ngumu kama plastiki.

Mimi nalia, yeye anacheka. Akavaa koti juu, akaondoka. Na jua hili la Dodoma, na poliesta yenyewe haipitishi hewa!

Sasa hivi kanipigia simu. Mama mmoja kwenye jopo kamuuliza, "Binti, unatiririka jasho, mbona huvui koti?"

Akajibu, "Blauzi kanipigia pasi mama yangu."

Meza nzima ikacheka. Yule mama akasema, "Wangu alinichomea sketi."

Majibu ya kazi bado. Lakini mbele ya wakubwa wote wale, mwanangu kanitaja mimi!

Haya, nani mwingine kashachoma nguo kwa mapenzi? Jitokezeni, nisiwe peke yangu.