Aliyenitengenezea kompyuta ameondoka na singo ya bibi harusi

Admin, naomba ufute jina na namba yangu kabla hujaweka hii. Mji uache tu, hapa Bagamoyo tupo wengi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina mume na mtoto mchanga. Mume wangu anafanya kazi Chalinze, hurudi mwisho wa wiki. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za sherehe za wanawake. Mnaojua singo za huku kwetu mtanielewa. Ni sherehe ya kumwandaa bibi harusi, wanawake peke yao, mitandio chini, bibi harusi anasuguliwa na kufukizwa udi, watu wazima wanacheza mpaka wanasahau umri wao. Simu zote huachwa kwenye kapu mlangoni. Kamera inayoingia ni yangu peke yangu, kwa sababu mimi ni mwanamke na kazi naifanyia nyumbani kwangu, hakuna mwanamume anayeigusa.

Hivi karibuni nilipiga singo ya familia moja ya wafanyabiashara, watu wa dini sana. Mama wa bibi harusi alinishika mkono wakati natoka. "Mwanangu," akasema, "nywele za binti yangu hajaziona mwanamume asiye maharimu wake tangu alipovunja ungo. Nimekukabidhi wewe na Mungu." Nikamwambia, "Usiwe na shaka, mama."

Nikiwa katikati ya kazi ile, programu ninayohariria ikajisasisha yenyewe. Asubuhi nafungua, kila kitu kimehama mahali pake. Maandishi yamegeuka visanduku vyekundu, rangi zimepotea, sauti ya vigelegele haitoki. Vile vinakshi vya kupambia video nilivyozoea kuvipakua bure havikubali toleo jipya, na tovuti niliyokuwa nikivichukulia imefungwa. Nikatazama video za mafunzo mpaka macho yakaniuma, wote wanaelezea toleo la zamani. Na mama wa watu anasubiri.

Nipo kwenye kundi moja la mtandaoni la wahariri wa video, tunasaidiana humo. Nikaeleza shida yangu. Mtu mmoja akanifuata pembeni, lugha yake nzuri, ananiita dada yangu. "Hilo tatizo limetupata wote," akaandika. "Weka hii programu ndogo, niingie kwenye kompyuta yako nikurekebishie. Wewe utakuwa unaona kila ninachofanya."

Nikaiweka. Kweli nikaona mshale unatembea wenyewe kwenye kioo, anafungua hapa, anafunga pale. Mtoto akalia chumbani, nikaenda kumnyonyesha. Niliporudi maandishi yamerudi, rangi zimerudi, vigelegele vinasikika. Wallahi nilimwombea dua yule mtu. Hata hela ya soda alikataa nisimtumie.

Nikamaliza, nikapeleka kazi. Mama alifurahi, akanitumia sauti yake akipiga vigelegele.

Siku chache baadaye yule mtu akanitumia picha. Nikaifungua. Ni yule binti, kichwa wazi, nywele zimeanguka mabegani, kanga kifuani, anacheka.

Nikamwandikia, "Kaka, hiyo umeipata wapi? Nakuomba ifute."

"Usiogope dada yangu," akajibu. "Sina shida ya pesa. Video zote za singo ile ninazo. Nataka tu kila sherehe unayopiga, na mimi uniletee. Ukikataa, hizi zitafika kwa bwana harusi na zitaonyesha zimetoka kwako."

Nilichomoa waya wa intaneti, nikaifuta ile programu ndogo, nikabadilisha nywila zote. Aliyejua ni dada yangu tu, kwa kumwandikia meseji. Akaniambia, "Nyamaza, mdogo wangu. Ukisema, watakaokuaibisha ni watu wako mwenyewe. Huyo atachoka." Nikanyamaza. Lakini tangu siku hiyo maziwa yamepungua, mtoto analia na njaa. Mume wangu akiniuliza nina nini namwambia kichwa. Nikimwambia ukweli, namjua, atakwenda moja kwa moja kwa familia ya yule binti kabla hata hajavua viatu.

Juzi nilikutana na mama wa bibi harusi sokoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikumbatia mbele za watu. "Nimekusifia kwa mashoga zangu wa Mapinga," akasema. "Wana singo Jumamosi, nimewaambia wasichukue mtu mwingine." Nilishindwa kukataa. Nikiwa bado sokoni nikamwandikia dada yangu habari hiyo, sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Jioni ikaingia meseji: "Jumamosi Mapinga. Nasubiri."

Ndipo nikagundua kwamba meseji zangu niliziunganisha na kompyuta zamani, na siku ile alipoingia akaziunganisha na kwake. Kila nilichomwandikia dada yangu amekisoma. Kilio changu chote amekisoma. Nimeshamtoa, lakini sijui ana nini kingine, sijui ni nani, hata kama ni mtu wa mbali au ni wa humu humu ninayepishana naye njiani. Hii naandika kwa simu ya dada yangu.

Nimefikiria polisi. Lakini nikifika pale wataniuliza, "Picha yenyewe iko wapi?" Na nitalazimika kumwonyesha askari mwanamume kile kichwa nilichokabidhiwa nikifunike. Nikimwambia mama yake kwanza, ndoa ya yule binti haina hata miezi miwili. Nikikaa kimya, Jumamosi inakuja, na wanawake wa Mapinga watavua mitandio mbele yangu.

Ndugu zangu, hasa nyinyi kina mama mlio na mabinti, nawauliza: lingekuwa la mwanao, ungetaka nikuambie? Naanzia kwa nani? Msinitukane, nisaidieni, naogopa.