Mlangilangi Usiokuwa na Mwenyewe

Humu sitataja jina la mtu. Anayenijua atashangaa, maana mtaani kwetu mimi ndiye nnayeulizwa majina. Mtu akitaka kujua nani alikaa nyumba ile yenye mlango wa misumari kabla ya hawa waliopo, wanawe ni nani, na yule mdogo aliolewa wapi, anakuja kwangu. Skuli nilikaa miaka miwili tu, mama akaugua, nikabaki nyumbani. Kuandika naandika hivi, pole pole, na mjukuu ananisahihishia. Lakini majina hayajanipotea. Hata paka wa bustanini nnawajua kwa majina yao, walio hai na waliokufa.

Bustani yenyewe si kubwa. Iko mwisho wa uchochoro wetu, hapa Mji Mkongwe, baina ya msikiti mdogo na ukuta wa ghala la zamani. Ina vibaraza viwili vya saruji, mfereji unaotoa maji ukipenda, mikungu miwili ya kivuli, mlimao, na kati kati palikuwa na mlangilangi. Uwanja ni wa Manispaa. Mti ulikuwa wa shoga yangu. Kwetu Unguja hilo si ajabu, ardhi huwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na kila mmoja anajua chake.

Mlangilangi ule aliupanda mama yake. Mche aliutoa Chwaka kwao, akauleta ndani ya kikapu cha ukindu, umefunikwa kanga kama mtoto mchanga. Mimi niliushika usimame wima, shoga yangu akafukia mchanga kwa mikono. Tulikuwa watoto, meno ya mbele yametung'oka, sote wawili. Tangu wakati huo mimi kwake ni shoga, yeye kwangu ni shoga, na majina yetu tuliwaachia watu wengine.

Ulipokua, mama yake akawa anachuma maua baada ya sala ya alfajiri, anachanganya na asumini na rihani, anafunga vikuba. Alipofariki, shoga yangu akaendelea. Hakuna bibi harusi wa mtaa huu aliyetoka bila kikuba chake kifuani. Mimi mwenyewe nilitoka nacho. Wanangu pia.

Mwaka jana mwanawe aliyeolewa Jambiani alijifungua, shoga yangu akaenda kumlea mzazi siku arubaini. Asubuhi ya kuondoka alinigongea, mkoba uko begani.

"Shoga, mti wangu nakuachia wewe."

"Kwani mti utakimbia?"

"Utakukimbia wewe na wajukuu zako, wanavyouvunja matawi! Utilie maji, mfereji ukigoma beba ndoo. Na ukichuma, chuma kwa mkono, usipige na fimbo."

"Nenda, mwanao anakungoja. Mti wako nnao."

Ndivyo nilivyosema. Mti wako nnao.

Wiki ya pili Manispaa walituma afisa wa bustani, msichana mpole, buibui lake safi, faili kwapani. Walikuwa wanazipitia bustani zote za mji, waone zinavyotunzwa na watie njia za matofali na taa. Sheha alituita sote wa kamati ya bustani baada ya sala ya alasiri. Mimi nilichelewa, nilikuwa na mchuzi jikoni. Nilipofika, msichana alikwishaeleza kazi yake, na watu walikuwa wamekaa vibarazani na vikombe vyao vya kahawa.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Sheha ananambia wewe ndiye kitabu cha mtaa."

Mnywa kahawa mmoja akadakia, "Angalia usikifungue, hakifungiki tena hicho!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Msichana akaugonga mlangilangi kwa kalamu yake. "Basi niambie bibi, huu una mwenyewe?"

Hapa lazima niseme jambo nililolificha miaka mingi. Mti ule watu walikuwa wakiusema. Jua likishuka harufu yake huwa kali hata kichwa kinazunguka, na wakubwa walitukataza kupita chini yake saa hizo, nywele wazi. Walisema una mwenyewe. Sisi hatuwataji viumbe wale kwa jina lao. Tunasema tu, mahali hapa pana mwenyewe, na anayesikia anateremsha sauti. Mara nyingi nimekuta shinani pale majivu ya udi, yai, au chupa ya marashi.

Na chupa moja ilikuwa yangu. Mwanangu mimba mbili zilikwishamtoka, ya tatu ilipoingia nikachukua marashi, nikaenda mchana watu wakiwa wamelala, nikayamwaga pale shinani nikaomba. Mjukuu anayenisahihishia maandishi haya ndiye mimba ile. Baadaye kwenye darsa yetu ya wanawake mwalimu aliyakemea mambo hayo, akasema wako wakongwe humu humu wanaswali safu ya mbele kisha wanakwenda kuiomba miti. Mimi ndiye niliyekaa safu ya mbele. Nikainama nikajitia natafuta tasbihi. Nikatubu. Lakini toba ni ya Mungu, na aibu ni ya watu, na ile ya watu haikunitoka.

Kwa hiyo msichana aliponiuliza mbele ya wanaume wote wale kama mti una mwenyewe, niliiona chupa yangu tu. Nikasema upesi, "Hauna. Hauna mwenyewe huo."

"Una hakika, bibi?"

"Nimekua na mti huu. Haujapata kuwa na mwenyewe hata siku moja. Maneno ya watu tu."

Akaandika. Kisha akahamia kwenye mlimao. "Na huu?"

Sheha ndiye aliyejibu. "Huo unaye. Mwenyewe yule mzee wa duka la dawa za miti shamba, kaupanda kwa mkono wake."

"Basi huu njia itauzunguka," msichana akasema. "Mti wenye mwenyewe hatuukati mpaka tusikilizane naye."

Nikaelewa pale pale. Laiti ningekuwa sikuelewa mpaka kesho yake. Alikuwa akiuliza mti ni wa nani, basi. Niliyekuwa namfikiria mimi hakuwemo katika faili lake. Nilikuwa na nafasi. Msichana yuko hatua tatu mbele yangu, kalamu bado iko mkononi. Ningesema, "Mwanangu, rudi, nimekosea, ule mti una mtu na mtu mwenyewe yuko Jambiani." Angeuliza, sasa mbona ulisema hauna? Na yule mnywa kahawa asingengoja nitafute uongo. Angesema, "Kumbe bi mkubwa kadhani anaulizwa habari za jinni!" Mtaa mzima ungelicheka jambo hilo mpaka siku ya maziko yangu, na safu ya mbele ingejua.

Nikakaa kimya. Wenzangu kwenye kamati nao wakanyamaza, maana mimi nshasema, na nani atabishana na kitabu? Huenda walidhani shoga yangu ameniachia ruhusa. Kijana aliyefuatana naye na kopo la rangi akapita, mlimao akautia duara jeupe, mlangilangi akautia jekundu. Msichana akanishika mkono kuniaga. "Ahsante bibi. Ingekuwa kila bustani ina mtu kama wewe, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

Tangazo la kuukata mti likabandikwa ukutani. Nililisoma herufi kwa herufi, kidole ukutani. Mwenye pingamizi aende ofisini ndani ya wiki mbili. Nikajiambia, nitakwenda peke yangu, nitaongea na yule msichana faragha, atarekebisha. Nikajiambia hivyo siku nne. Siku ya tano nikavaa, nikaenda. Nilikaa kwenye benchi la ofisini baina ya watu waliokuja kwa shida zao, wakanipisha nitangulie kwa ajili ya umri wangu. Karani akainua uso.

"Bibi, una shida gani?"

Nyuma yangu kuna watu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Nimekuja kwa habari ya taka. Uchochoroni kwetu hawaji kuzoa."

Akaandika vizuri tu. Asubuhi yake gari la taka likaja, na jirani zangu wakanipongeza kutoka madirishani. "Bi mkubwa, wewe ndiye kiongozi wetu!"

Shoga yangu alikuwa akinipigia simu. "Mjukuu wangu ana macho ya babu yake. Na mti wangu, haujambo?"

"Haujambo. Umejaa maua."

Na kweli ulikuwa umejaa. Nilikuwa nikiutilia maji kila siku, hata mfereji ulipogoma nilibeba ndoo kama nilivyoagizwa.

Wiki mbili zikapita. Wakaja asubuhi na msumeno wa moto, na kabla ya adhuhuri palikuwa pamebaki kisiki. Siku ile harufu iliingia mpaka ndani ya makabati. Nikaenda nikaokota maua, kanga nzima, nikayatia kwenye bakuli la maji. Yakakaa siku tatu, yakageuka rangi, nikayamwaga. Sikujua nayawekea nini.

Aliporudi, aliuona uwazi ule kabla hajafika mlangoni kwake. Hakupiga kelele. Aliuweka mkoba chini, akakaa kibarazani. Kesho yake akaenda Manispaa, na kutoka huko akaja moja kwa moja kwangu. Nikampikia chai. Akaishika gilasi kwa mikono miwili.

"Wananambia yuko mzee wa mtaa kashuhudia kuwa mti hauna mwenyewe."

Nikainuka kulitazama birika.

"Nani huyo, shoga? Wewe unawajua wote. Nitajie jina lake tu."

Nikasema, "Silikumbuki."

"Wewe?"

"Ndiyo uzee, shoga. Majina yananikimbia siku hizi."

"Uzee," akasema. Akainywa chai yake mpaka mwisho, akaiweka gilasi chini taratibu. "Pole."

Baada ya siku kama kumi hivi yule msichana alirudi bustanini na miche mipya. Kila mche una kibati chake, kinaandikwa jina la aliyepanda mti wa mahali pale zamani. Akaniita nimtajie wa mlangilangi. "Sasa nimesikia ulikuwa wa mama yake jirani yenu," akasema, "tumeona haya sana." Yeye ndiye aliyeona haya! Nikamtajia jina la marehemu mama yule, lake na la baba yake na la babu yake, akaandika. Kisha miguu ikanipeleka mlangoni kwa shoga yangu kabla sijaiambia kitu.

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Sikukaa.

"Shoga, lile jina nimelikumbuka. Ni langu."

Mkono wake haukusita. Akatoa chuya moja, akaitupa. "Nlijua. Yule msichana alinisomea karatasi siku ile ile. Jina lako, la baba yako, na la babu yako."

"Sasa mbona ulikuja kuniuliza?"

"Nlikuja ili unambie."

Nikakaa sakafuni. Nikamweleza yote, swali lilivyoulizwa, nilivyolisikia mimi, mwalimu wa darsa, wanywa kahawa. Nikamwambia mpaka habari ya marashi, ambayo mwanangu mwenyewe haijui. Hapo akacheka kidogo, kwa puani.

"Marashi yale? Nliyaona siku ile ile. Chupa yenye mfuniko wa buluu, nlikupa mimi kwenye ndoa ya mwanao. Nikaiokota, nikaiosha, nikaificha mtu asije akaijua. Ninayo mpaka leo kabatini."

Miaka yote ile aibu yangu ilikuwa imehifadhiwa katika kabati la mtu niliyemkatia mti kwa ajili ya kuificha.

Akautikisa ungo. "Ulipoulizwa mti wangu hukufahamu, sawa. Walipouliza mlimao, ulifahamu?"

"Nilifahamu."

"Basi."

Halijapata kuwa baina yetu neno jengine juu ya jambo hilo. Njia ya matofali imekwisha. Inatoka msikitini moja kwa moja, inapita pale palipokuwa na kisiki bila kupinda, kisha inauzunguka mlimao vizuri sana. Mche mpya wa mlangilangi umetiwa pembeni. Nautilia maji mimi, asubuhi na jioni. Umetoa majani sita, nami sidhani nitayawahi maua yake.

Yeye hajaninunia. Akipika boko boko analeta, mjukuu akiumwa anakuja kumtazama. Lakini tokea siku ile ya mchele haniiti shoga. Ananiita Bi, kisha jina langu, lile alilonipa baba, zuri tu, lakini katika umri wote huu sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Asubuhi anapita na kikapu chake kwenda sokoni kununua asumini za watu, ananiona na ndoo yangu pale kwenye mche, analitaja.

Nami nnaitika. Naam, nasema.