Mama Mkwe Alinishika Mkono

Admin, nifiche kabisa, maana mke wangu anafuata hii page akiwa Qatar. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nanunua na kuuza mahindi hapa Kitale. Mke wangu anafanya kazi za nyumbani huko Uarabuni. Mamake anaishi peke yake karibu na Bungoma, na hana mtoto mwingine.

Mwaka jana mke wangu alianza kulalamika kwamba akimpigia mamake, anaulizwa jambo lile lile tena na tena. Akanitumia app ya kupima kumbukumbu, akasema niende nimpime. Nilikataa. Sisi ni Wabukusu, na kwetu mtu hamshiki mama mkwe mkono, haketi karibu naye, hata kumtazama usoni ni aibu. Akalia, nikaenda.

Mama alikaa jikoni amejifunika leso. Mimi nikakaa nje nimeegemea ukuta, nikimsomea maswali kwa sauti kubwa kama mtu wa mnada. Taja wanyama unaowajua. Kimya. Leo ni siku gani? Kimya. Ilipofika kuchora saa kwenye skrini, niliweka simu kwa kigoda mlangoni nikarudi nyuma, naye hakuigusa. App ikaleta rangi nyekundu, ati aone daktari haraka.

Mke wangu akataka kuvunja mkataba arudi. Mimi ndiye nilimtuliza. Nilimwambia mamake ni mzima, ni heshima tu imemfunga mdomo, na simu haijui mambo ya wakwe. Akaniamini, akaongeza mkataba.

Sasa Jumamosi iliyopita nilimpelekea mama mahindi. Alitoka nje kichwa wazi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanivuta tuketi benchi moja. Alikuwa anacheka vizuri sana.

"Wewe kijana ni mtoto wa nani?" akaniuliza. "Si ukae ule kwanza, bana."

Niliketi, nikala, ningefanyaje? Nilipofika barabarani nililia na umri wangu huu. Ndugu zangu, hilo swali haliko kwa app yoyote.

Nataka apelekwe hospitali Lugulu, lakini lazima niwaeleze wajomba wa mke wangu nimejuaje. Nikisema alinishika mkono, mama ambaye amejiheshimu maisha yake yote atakuwa hadithi ya kijiji. Nikimwambia mke wangu, atatoroka kazini, na pasipoti yake iko kwa mwajiri. Nikinyamaza, mama anapika peke yake kwa kuni, na naogopa kila simu inayoingia.

Jana mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, mama anaendeleaje?" Nikamjibu yuko sawa, anakusalimia. Leo ameuliza tena na sijajibu. Nishaurini. Nitamwambiaje kwamba mamake ameshanisahau mimi, na huenda akirudi nyumbani yeye pia ataulizwa ni mtoto wa nani?