Kigugumizi na Maharagwe Mabichi

Enzi zetu kule Gakindu, mtoto mwenye kigugumizi alimwogopa mbuzi. Jirani akichinja, nilijua siku yangu imefika: shangazi angenishika na kunipiga mdomoni na pafu bichi, pap! pap!, mara saba, eti ulimi ufunguke. Kigugumizi hakikutoka. Kilichotoka ni hamu yangu ya nyama, na hiyo ilirudi kabla ya jioni. Nyinyi vijana mkinyimwa WiFi mnasema mnateswa!

Shuleni kulikuwa na kipande cha mbao, alichovishwa shingoni aliyepatikana akisema Kikuyu. Jamani, nilikivaa mpaka kikanichubua. Si kwamba nilikosea kuliko wenzangu. Ni vile tu nikianza kujitetea kwa Kiingereza, "Pli-pli-plizi ticha," kengele ililia kabla sijamaliza na wenzangu wakaenda zao kula.

Mtu mmoja tu hakuwa na haraka nami: mama. Jioni tulichambua maharagwe, naye hakunitazama mdomo wala kunimalizia maneno. Nikikwama alisema, "Sema tu, maharagwe hayajaiva." Basi Kikuyu changu kilitoka kikichechemea, lakini kilifika.

Sasa ona ujinga wa msomi. Binti yangu Wambui alipoanza kugugumiza akiwa na miaka mitano, nilipiga Kikuyu marufuku nyumbani, nikidhani lugha nyingi ndizo zinamkwamisha. Kigugumizi kilibaki palepale. Kilichokufa ni maongezi yake na cucu, yaani bibi yake, mama yangu mimi, ambaye Kiingereza chake chote ni "bye-bye". Kwenye simu walisikilizana pumzi tu, na mama akaanza kuacha kupiga. Hiyo iliniuma sana.

Nikampeleka Wambui kwa mtaalamu wa usemi mjini Nyeri, kijana wa juzi mwenye raba nyeupe. "Mama Wambui, nani alikuambia lugha ni mzigo?" akauliza. "Mrudishie Kikuyu. Tena akae na cucu wake, wafanye kazi ya mikono, asiharakishwe."

Masomo yote yale, na dawa aliyoniandikia ni maharagwe!

Siku hizi githeri, mahindi na maharagwe yetu, inaivishwa kwa presha kuka, na hakuna anayengoja mwenzake amalize kusema. Jumamosi tulikuwa Gakindu, ungo katikati ya cucu na mjukuu. Wambui akakwama kwenye neno, nami, mkongwe wa kigugumizi, nikammalizia. Mama akaacha kuchambua, akanitazama.

"Ma-mami, ngoja," Wambui akasema kwa Kikuyu. "Maharagwe ha-ha-hayajaiva."

Nikavuta kigoda, nikangoja.