Kori Nane za Mtani

Kosa langu lilikuwa moja: nilipatana bei kabla ya kupima mashine.

Kompyuta ya mdogo wangu iliungua asubuhi. Yeye hutengeneza video za harusi, na alikuwa ameahidi filamu kwa mzee mmoja aliyekuwa amelazwa hospitali siku binti yake anaolewa. Binti na mumewe walikuwa wanapanda treni ya Kigoma jioni ileile, na mzee alitaka kuitazama akiwa na mwanawe pembeni. Saa nne tulikuwa dukani, mtaa wa Kanyenye. Picha zote, zimeshakatwa na kupangwa, zilikuwa salama kwenye diski ya nje; ilibaki kompyuta kuziandaa ziwe faili moja la filamu, na kompyuta hatuna.

Muuzaji alikuwa Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu tangu enzi za misafara.

“Mnyamwezi na kompyuta wapi na wapi? Nyie tumewazoea na mizigo kichwani.”

“Tuliifikisha pwani, tukawakuta mmelala. Lete mashine.”

Akaweka mbili mezani. Moja nyembamba, inang’aa. Nyingine nene kama tofali, imechubuka kona, na bei yake iko juu zaidi, jambo lililonichekesha. Akatueleza kwamba kinachofanya kazi ni prosesa, na ndani ya prosesa mna kori, kama wapagazi: wakiwa wengi, mzigo unafika mapema. Akafungua ukurasa wenye vijisanduku vya kori. Nikahesabu kwa kidole. Nyembamba nane, nene sita. Nikarudia. Nane, sita.

Mdogo wangu alikuwa bado anapapasa mkoba kutafuta waya wa diski, mimi nimeshaivamia bei ya ile nyembamba. Nilimshusha yule bwana mara tatu. Ya nne akaapa kwa mama yake. Ya tano akacheka na kunipa mkono. Kwetu sokoni, mkono ukishapokelewa umenunua.

“Dada,” mdogo wangu akasema akichungulia skrini, “umehesabu vijisanduku. Kori hapa ni nne. Kila moja inaonekana mara mbili kwa sababu inaweza kushika kazi mbili. Zile sita ni sita kweli.”

“Nne zinazoshika kazi nane, si ndiyo nafuu?”

“Mpagazi mmoja ukimpa mizigo miwili hajawa watu wawili.”

Mtani wangu akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Tukazipa zote mbili kipande kilekile cha filamu, kila moja iandae faili lake, zikaanza pamoja. Nyembamba ikachomoka. Asilimia kumi, mwenzake saba. Ishirini, mwenzake kumi na sita. Nikamtazama mdogo wangu kwa jicho la ushindi. Yeye alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Ilipofika thelathini, feni ya ile nyembamba ikaanza kulia. Joto la Oktoba lilikuwa limejaa dukani, bati linatoa mlio. Nikaweka kiganja chini yake, nikakitoa haraka. Thelathini na moja. Nikasubiri. Thelathini na moja bado.

“Inajipunguza mwendo isiungue,” mdogo wangu akasema. “Haina pa kutolea joto.”

Ile nene ikapita kwenye arobaini, bila haraka na bila kelele. Nikahesabu dakika zilizobaki mpaka treni, nikarudia kuzihesabu. Hazikuongezeka.

“Mtani,” nikasema, “narudisha mkono.”

“Mnyamwezi kala neno lake!” Akawaita majirani wa duka la pili waje kushuhudia. “Basi hiyo nene ni bei niliyotaja. Sishuki hata buku.”

Miaka yote niliyofanya biashara sijawahi kulipa bei ya kwanza. Nililipa, watu watatu wakinitazama. Mdogo wangu akaniuliza kama naumwa.

Hatukuthubutu hata kuihamisha. Filamu nzima ikaandaliwa palepale mezani, mimi nikipepea kwa kipande cha boksi mashine ambayo haikuhitaji kupepewa. Ilipomaliza, tukakimbia na bodaboda mpaka kwa mzee.

Filamu ilikuwa ya saa mbili. Mpaka treni, tulibakiwa na saa moja na nusu.

Mzee akakaa sawa kitandani, akamvuta binti yake karibu. “Ruka hotuba,” akamwambia mdogo wangu. “Anza kuruka za wakwe.”